Barakoa Hazikuharibu Kinga ya Watoto

Julai 2021, katikati ya msimu wa baridi, hospitali ya Middlemore jijini Auckland, New Zealand, iligeuza chumba cha michezo ya watoto kuwa wodi. Virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, ambavyo mwaka uliotangulia vilikuwa karibu vitoweke, vilirudi kwa kishindo baada ya safari za Australia kufunguliwa Aprili. Maneno yaliyozuka tangu hapo mengine yanahatarisha watoto.

Wapo wanaosema barakoa na kufungiwa ndani wakati wa korona vilidhoofisha kinga. Si kweli. Kwa kawaida karibu kila mtoto huambukizwa RSV kabla ya kutimiza miaka miwili. Mwaka 2020 wengi hawakuambukizwa, kisha wakaugua kwa mkupuo mmoja na wadogo zao. Ndiyo maana huko Australia Magharibi umri wa kati wa wagonjwa ulipanda hadi miezi 18 hivi. Kweli, kina mama nao walikaa muda mrefu bila kukutana na virusi hivyo, na huenda waliwapa watoto wao kingamwili chache tumboni. Lakini kutokutana na ugonjwa si kuharibika kwa kinga.

Eti chanzo ni chanjo ya korona? New Zealand haikuwa ikichanja watoto wachanga, na ndio waliojaza vitanda.

Kinachonisikitisha zaidi ni hili: "Bora augue mapema, amalizane nao." RSV haimalizwi, hata watu wazima huambukizwa tena na tena. Na hayo mapema ndiyo yanayoua. Mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa RSV iliua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano, karibu nusu wakiwa hawajafikisha miezi sita, na karibu wote katika nchi maskini na za kipato cha kati. Mirija yao ya hewa ni myembamba mno, makamasi kidogo huiziba. Utamwona mtoto pua zinatanuka, kifua kinabonyea ndani, ananyonya kidogo na kuliachia ziwa atafute pumzi. Huyo akimbizwe hospitali apate oksijeni, asisubirishwe kwa antibayotiki za duka la dawa, maana haziui virusi.

Ipo sasa chanjo ya mjamzito, na sindano ya kingamwili kwa mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza zote mbili mwaka 2025. Tuzidai zifike kliniki zetu.