Ana Kazi Dukani, Sasa Tatizo Liko Wapi?

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bila shaka mmeshaiona. Dada mmoja tunayemuona kwenye tamthilia (jina kapuni) kapigwa picha kimyakimya akiwa kaunta ya duka la vipodozi Kariakoo, anamfungia mteja mzigo. Watu wanacheka mpaka basi. Eti kafulia, eti ustaa umeisha.

Mi nasema hajafulia. Nyie ndo hamjui hii kazi inavyolipa.

Enzi za CD, prodyuza alikuwa anaipeleka filamu kwa msambazaji, anachukua chake, mambo yanaenda. Lile soko limekufa. Siku hizi tegemeo ni tamthilia za Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu, au mtu anajitupia mwenyewe YouTube. Msimu ukiisha, simu inakaa kimya miezi. Mwenye nyumba wa hapa Dar hana habari na msimu, yeye anataka kodi ya miezi sita mkononi.

Na hapo ndo penyewe. Msanii ambaye hana hela ya kula hawezi kusema hapana. Anaambiwa utalipwa tukimaliza, anakubali. Anapewa kipande cha hovyo, anacheza. Dairekta anampigia saa nne usiku, njoo gesti Sinza tuongee kuhusu skripti. Jamani, skripti gani inasomwa gesti? Hiyo ni rushwa ya ngono, na sheria ya rushwa ya 2007 inaitaja kabisa kuwa ni kosa. Ila sheria iko mbali, njaa iko karibu. Dada mwenye mshahara wake wa dukani anakata simu, analala.

Halafu mnaosema kazi inaua kipaji, hebu kakaeni kwenye hilo duka siku moja tu. Kuna mama anaulizia mkorogo kwa sauti ya chini, anasingizia katumwa na jirani. Kuna kaka ananunua pafyumu mbili zinazofanana, anaomba mifuko miwili tofauti, jibu mnalo. Huyo dada anaangalia watu wa kweli kutwa nzima. Wasanii wanaoshinda wenyewe kwa wenyewe ndo wanatuletea yale yale kila siku: sebule, sofa kubwa, mtu analia, hospitali.

Sisemi ni rahisi. Shuti nyingi ni mchana, na ajira ya saa mbili mpaka saa kumi na moja haziivi kabisa. Kazi ya shifti au biashara ambayo mtu anaweza kukushikia ina nafuu. Halafu kuna uchovu, hilo halina dawa. Jamaa mmoja namfahamu, mlinzi wa usiku, anajirekodi kwenye simu mistari ya wenzake na kuacha nafasi kimya za kwake. Akiwa kwenye mwendokasi ana spika za masikioni, anajibu kwa kunong'ona. Abiria wanamuona chizi. Lokesheni anafika hajashika karatasi.

Wanaoniudhi ni maprodyuza. Unaitwa saa kumi na mbili asubuhi, kamera inawashwa saa saba mchana, na vipande vyako viwili vimepangwa siku nne tofauti wakati vingeisha siku moja. Mwenye ajira atatoboaje hapo? Kisha wanasema msanii fulani hayuko siriazi, ana mambo mengi. Pangeni ratiba, mtupe wiki mbele tuombe ruhusa kazini. Wakitaka mtu wa kukaa lokesheni kutwa, basi wamlipe kutwa hiyo.

Wewe unayeigiza huku una kazi yako, bosi anajua au unaagaga unaumwa? Tiririka hapo chini.