Majani si hoja, mizizi ndiyo hoja
Asante kwa makala, ila hapo uliposema mtoto wa okidi anayechipua kwenye bua la mama akishatoa majani mawili anakatwa, nakupinga. Wangu wa kwanza nilimkata akiwa na kizizi cha urefu wa punje ya njugu. Wiki ya tatu alikuwa amenywea kama mchicha wa jana. Siku hizi nasubiri mizizi miwili mitatu ifike sentimita 5 hivi, hata kama ni miezi sita. Mama anamlisha bado, haraka ya nini?

Kisu nakipitisha motoni, kikipoa nakata bua juu na chini ya mtoto, aondoke na kipande. Unga wa mdalasini napaka kwenye kidonda tu. Ukigusa mizizi unaikausha. Udongo wa bustani, hapana kabisa! Huku Tanga natumia makumbi ya nazi niliyoyaloweka siku mbili, nikibadilisha maji chumvi itoke, na vipande vya mkaa. Chombo ni kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani, nimekitoboa chini. Mizizi ikiwa ya kijani, usimwagilie. Ikigeuka rangi ya majivu, ana kiu.