Mtazamaji ni Mgeni

Kwa desturi ya Wahaya, mgeni abishaye hodi Kibeta, mjini Bukoba, hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, naye huulipa ukarimu huo kwa adabu. Kijana atazamaye mchezo wa video ukirushwa moja kwa moja mtandaoni, akiandika maoni papo hapo, naye ni mgeni. Haifai amtukane mchezaji aliyeshindwa, afichue siri za mchezo, wala arudierudie maneno hata wenzake wasisikike. Tusi haligeuki mzaha kwa kuwa mtukanaji haonekani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza vitisho na usumbufu. Lakini sheria huja baada ya kosa. Adabu hutangulia, na kuifundisha ni wajibu wa mzazi na mwalimu.