Mbale walianza zamani

Mtu akiambiwa ana kifuko cha maji kwenye ubongo, huwaza saratani na fuvu kupasuliwa. Mara nyingi si hivyo. Vifuko vya araknoidi, ambavyo wengi huzaliwa navyo, vina maji yaleyale yanayouzunguka ubongo, na vingi huachwa tu. Kinachotibiwa ni kile kinachokandamiza ubongo au kuziba njia ya maji: daktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu, hupenyeza endoskopu yenye taa na kamera, kisha hukitoboa ili maji yarudi kwenye mkondo wake.

Afrika Mashariki si mgeni wa kazi hii. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001, na Mmarekani Benjamin Warf akawatibu hapo kwa endoskopu watoto wenye vichwa vilivyokuwa vikubwa kwa sababu ya maji kujaa ubongoni. Alitoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, akaunguza na tishu inayotengeneza maji hayo. Alikuwa na sababu: mrija wa kudumu wa kuyatoa maji, yaani shanti, huweza kuziba au kupata maambukizi, na mama wa kijijini atafika lini kwa mpasuaji?

Utafiti wa Mbale wa watoto 100, uliochapishwa 2017, haukuona tofauti ya maana katika ukuaji wa akili baada ya mwaka mmoja kati ya waliotibiwa kwa endoskopu na waliowekewa shanti. Kwa hiyo endoskopu si muujiza, na wapo wanaorudi kupasuliwa tena. Ila kukwepa shanti ya maisha si jambo dogo.

Mzazi ukiona kichwa cha mtoto kinakua kupita kiasi, muwahishe kliniki kikapimwe.