Mama Anauliza Mbona Huandiki



Wiki hii tumeangalia filamu isiyo na mapenzi, ugomvi wala wimbo. Inaitwa News from Home, ya mwaka 1977, kazi ya Chantal Akerman, binti wa Brussels, Ubelgiji. Mwaka 1971, akiwa na miaka 21, aliondoka kwao akaenda kuishi New York, na mama yake akawa anamwandikia barua. Miaka baadaye akarudi New York na kamera. Akapiga picha barabara, maduka na treni za chini ya ardhi, kisha juu ya picha hizo akazisoma barua za mama kwa sauti yake mwenyewe.

Basi, hakuna jengine. Wengine mtasinzia, tunakwambieni mapema.

Lakini zisikilizeni barua zenyewe. Fulani anaumwa, fulani kachumbiwa, pesa umezipata? Mbona huandiki? Mara gari inapita, treni inavuma, maneno ya mama hayasikiki tena. Majibu ya binti hatusomewi hata moja.

Sisi tunaona filamu hii inamuhusu sana bibi harusi anayeolewa mbali, Muscat au London. Tunamsinga, tunampaka hina, kungwi anamfunda namna ya kuishi na mume. Namna ya kuishi na mama aliyebaki nyuma hafundishwi na mtu. Mama wa leo haandiki, anatuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp: bei ya samaki, goti linavyomuuma, nani kajifungua. Nao unasikilizwa nusu, jikoni, bomba limefunguliwa.

Wapo wanaosema binti akishaolewa atulie kwake, asigeuke nyuma. Hatukubaliani nao. Kumjibu mama hakumpunguzii mume haki yake yoyote. Na hizo habari za samaki msizione upuuzi. Ndiyo njia yake ya kusema amekukumbuka bila kukutia unyonge ugenini. Msizifute.

Akerman mwenyewe alirudi kwa mama. Filamu yake ya mwisho, No Home Movie ya 2015, inamuonyesha mama yuleyule, aliyenusurika kambi ya Auschwitz, sasa ni bibi kizee ndani ya fleti yake Brussels. Mara nyingine wanazungumza kwa Skype. Mama alifariki 2014, filamu haijatoka.

Anzeni na ile ya kwanza. Mwisho wake kamera imepanda feri, jiji linarudi nyuma taratibu ndani ya ukungu, dakika kama kumi hivi, na sauti ya barua haipo tena.