BUSTANI YA MITI SI YA WATU WASIO NA KAZI

Bwana Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti letu nilijibu neno nililolisikia mara nyingi vinywani mwa makarani wenzangu wa Nairobi, ya kwamba kutembelea Bustani ya Miti, ile iitwayo Arboretum, ni jambo la watalii na watu wasio na kazi. Neno hili si kweli, tena lina hatari.

Kwanza, bustani ile haikuanzishwa kwa anasa. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ikuayo upesi, kwa kuwa reli ilihitaji kuni nyingi na miti ya kwetu ilikua polepole. Mwaka 1932 ikatangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Leo ni hekta 30 hivi, kilomita 3 tu kutoka katikati ya jiji, yenye aina za miti zaidi ya 300. Karani aliyechoshwa na honi za matatu aweza kufika kwa miguu, akakaa kivulini na kuwatazama kima.

Pili, na hili ndilo kubwa, ardhi isiyokanyagwa na wengi haina mtetezi. Mwaka 1989 ilitakwa kujengwa jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Bibi Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hata Bungeni, wala hakunyamaza. Na jumba lile halikujengwa kamwe. Aliweza kuwatetea wapumzikao pale kwa sababu walikuwapo kweli.

Nasi tukumbuke kazi yetu. Hati za ardhi hupita mezani petu kabla wananchi hawajapata habari. Karani ambaye hajapata kukaa chini ya mti ule ataipiga muhuri karatasi ya kuukata, asijue alichokifanya.

Wako wasemao kwamba ada ya mlangoni ni nzito kwa mwenye watoto watano. Nakubali. Basi chama na kipeleke ombi ipunguzwe. Kususa si dawa.

Nashauri tuchague Jumamosi moja, kila mwanachama aje na watoto wake, awafundishe majina ya miti kwa lugha ya kwao. Mwenye hoja ya kunipinga na aandike, lakini kwanza aende akaione.

Wasalaam,
Mwanachama Mwenzenu,
Nairobi.