Jamaa na Feza: Mavazi ya kukimbia ya bei kali, yanastahili feza yake?



Swali la mwezi huu limetoka Mongbwalu. Kijana mmoja anatuandikia hivi: "Nimeanza kukimbia asubuhi na wenzangu wa kwaya. Wao wako na basketi za jina kubwa, na trening yake, na mayo yake. Mimi niko na vitu vya mutumba tu. Wananiambia magoti yangu yataharibika. Nitafute feza ninunue kama zao, ao hii ni kujionyesha?" Na mama mmoja wa hapa Bunia ametuuliza jambo la karibu na hilo. Mtoto wake wa sekondari anaomba viatu vya kukimbia ambavyo bei yake inapita minervali ya miezi mitatu. Mama anasema yeye pia alikimbia sana katika maisha yake, lakini alikimbia kwa sababu alikuwa anafukuzwa, tena miguu mitupu.

Mama, tumesikia. Hapa Ituri neno "kukimbia" liko na uzito. Wengi wetu tulikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na hakuna aliyetuuliza tumevaa nini. Kama leo watoto wanakimbia kwa furaha na kurudi nyumbani kunywa chai, tumshukuru Mungu. Paulo mwenyewe, alipomwandikia Timoteo, hakukataa mazoezi ya mwili. Alionyesha tu kwamba faida yake iko na mpaka. Basi tuzungumze juu ya feza.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: kuna vitu viwili katika mavazi ya mkimbiaji ambavyo vinaomba feza kidogo na macho mengi. Vingine vyote, mutumba unatosha kabisa.

Kwanza tusiwadanganye vijana kwamba viatu vya bei kali ni uongo mtupu. Haiko hivyo. Mwaka 2017 kampuni ya Nike ilitoa viatu kwa jina la Vaporfly, bei yake dola 250. Soli yake ni nene, nyepesi sana, na ndani yake kuna kipande kigumu cha kaboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, kule Marekani, waliwapima wakimbiaji wenye mbio kali wakaona kwamba wanatumia nguvu kidogo kuliko wakivaa viatu vingine, karibu 4 kwa mia. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilomita 42 na kidogo kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na miguuni alikuwa na viatu vya ukoo huo. Mbio ile haikuandikwa kama rekodi, sababu ilipangwa kwa namna ya pekee, lakini dunia nzima iliviona viatu vile. Nyuma ya hapo, Januari 2020, wakubwa wa riadha ya dunia waliweka sheria kwamba soli ya viatu vya mbio za barabarani isipite milimita 40. Kama vingekuwa ni jina tu, nani angejisumbua kuviwekea sheria?

Lakini tuangalie vinamfaa nani. Septemba 2023 Tigist Assefa wa Ethiopia alishinda Berlin kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, akavunja rekodi ya wanawake ya wakati ule. Alivaa viatu vya adidas vya dola 500. Kimoja kinapima gramu 138, ndiyo kusema simu nyingi za mkononi zinakipita uzito. Na kampuni yenyewe ilisema wazi kwamba viatu hivi vimetengenezwa kwa ajili ya mashindano mamoja, pamoja na siku chache za kuvizoea. Mashindano mamoja! Kwa bei ya dunia ya mwaka 2025, dola 500 ni karibu gramu 5 za dhahabu. Ninyi mlio Mongbwalu, Nizi na Bambu mnajua gramu 5 ni siku ngapi za kushuka shimoni, na ni siku ngapi za kupanda na mikono mitupu.

Tigist alikuwa na sababu. Aliyeshinda mashindano kama yale anarudishiwa feza yake mara mingi, na barabara ya Berlin ni lami tupu. Soli ile laini ukiileta kwenye njia zetu za udongo mwekundu, mawe yataila mbele ya mwezi kuisha. Na yule anayekimbia kilomita 5 kwa dakika 35, hata tukimpa yale 4 kwa mia yote, atapata labda dakika moja. Dakika ile ataifanyia nini? Kwaya itamngoja.

Sasa neno la magoti. Hapa ndipo vijana wanaogopeshwa sana, na hapa ndipo wauzaji wanakula feza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, kule Scotland, walichukua viatu vya kukimbia vya bei tatu kutoka kampuni tatu: vya pauni 40 hivi, vya 60 na zaidi, na vya 70 na zaidi. Wakapima namna unyayo unavyogongwa chini mtu akitembea na akikimbia. Mwaka 2008 jibu lao lilichapishwa katika gazeti la waganga wa michezo la Uingereza: viatu vya bei ya chini na ya katikati vililinda mguu sawasawa na vya bei kali, saa ingine kuvipita. Hata utamu wa kuvaa haukufuata bei.

Lakini musirukie kusema "basi kiatu chochote ni sawa." Kile cha pauni 40 kilikuwa kiatu cha kukimbia kweli, siyo plastiki iliyochorwa alama. Hata ile habari ya Abebe Bikila inasimuliwa nusu. Tunapenda kusema kwamba alishinda Roma mwaka 1960 miguu mitupu, na ni kweli: viatu alivyopata havikumkaa vizuri, na kukimbia bila viatu alikuwa amekuzoea. Wahubiri wanaishia hapo. Mwaka 1964 alishinda tena kule Tokyo, safari hii na viatu na soksi, na alikimbia kwa dakika 3 pungufu.

Basi sokoni Bunia tunakuta nini? Kuna vipya vinavyopita Uganda, vinang'aa, alama kubwa ubavuni, na mwuzaji anaapa: "Mukubwa, hii ni orijinali!" Vingi ni vya bandia. Ukivikunja vinarudi kama mti, na gundi yake inafunguka mvua ya kwanza. Kuna vile ambavyo ndugu anatuletea kutoka Kampala ao Ulaya. Hivyo ni bahati, siyo mpango wa jamaa. Halafu kuna mutumba. Maoni yetu: mutumba ndio mahali pa kijana wa Mongbwalu kutafuta, sababu ndani ya balo moja kunaweza kutokea kiatu cha kweli cha kukimbia ambacho mwenyewe alikivaa mara chache. Wenzake wa kwaya wakicheka, wacheke. Vya kwao pia, mwaka ujao vitakuwa vimekwisha.

Namna ya kuchagua ni hii. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba, kutoka ubavuni. Inapashwa kuingia kidogo na kurudi. Kama ni ngumu, ao iko na mikunjo mingi kama uso wa mzee, kiatu kile kilikufa zamani, hata kama juu kimepigwa brashi kikawa kama kipya. Kiisha kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikilala upande mmoja, kimeshika mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na ndicho kitakachokuumiza magoti yale unayoogopa. Kunja mbele uone kama gundi inafunguka. Toa kitambaa cha ndani, angalia chini yake. Mwisho, kijaribu nyuma ya saa sita, wakati mguu umevimba kidogo kwa kutembea, ukiwa na soksi zako, na nafasi ya upana wa kidole gumba ibaki mbele. Kama kinakubana pale sokoni, musidanganyane kwamba kitapanuka.

Hesabu kidogo kwa mama. Soli ya kawaida inachoka nyuma ya kilomita 500 mpaka 800 hivi. Mtoto anayekimbia kilomita 5, mara nne kwa juma, anamaliza viatu katika miezi sita mpaka tisa. Vya dola 100 havitadumu mara tano kuliko vya dola 20. Vile vyepesi zaidi vinachoka hata mapema. Tena mguu wa mtoto wa miaka 14 hautakungoja. Kwa hiyo, mama, minervali kwanza. Kiisha muende sokoni pamoja, umwache achague, wewe ubonyeze soli.

Juu ya mayo hatuna maneno mengi. Pamba inakunywa jasho na kulishika, inakuwa nzito na kukwaruza kifua na makwapa. Kitambaa cha poliesta kinashika maji kidogo sana na kinakauka upesi. Sasa, mayo ya zamani ya timu ya mpira, ile ya mutumba isiyo na bei, ni poliesta ileile ambayo kampuni kubwa zinauza kwa dola 40. Alama ndiyo inaongeza bei. Kama mapaja yanasuguana, paka Vaseline mbele ya kutoka. Soksi zisiwe na tundu wala mshono mnene kwenye vidole, na inatosha.

Trening nzito, ile inayovaliwa juani ili mtu "atoe mafuta," na wengine wanaongeza mfuko wa plastiki ndani, hiyo tunaikataa kabisa. Kinachotoka ni maji, siyo mafuta. Ukikunywa maji, kilo zile zinarudi jioni. Lakini mwili unaoshindwa kupoa unaweza kuanguka njiani, na jua letu halina mchezo.

Kitu cha pili kinachostahili feza ni cha wasichana, na hatutaona haya kukisema, kwa maana mama wengi wanakinyamazia: sutieni ya michezo, ile inayoshika kifua vizuri. Msichana asiyekuwa nayo anasikia maumivu, anaona haya ya macho ya watu, na kiisha anaacha kukimbia akisema amechoka. Amechoka nini? Inapatikana pia kwenye mutumba, lakini vuta mpira wake kwa nguvu: ukivutika bila kurudi, hauna kazi tena. Hapa, mama akiwa na dola chache zaidi, aziweke hapa mbele ya kuziweka kwenye viatu. Juu ya suruali ao sketi, kila parokia iko na desturi yake, na hatutaki ugomvi na wazee. Kaputula ndefu chini ya sketi nyepesi imesaidia wasichana wengi kukimbia na kubaki na amani nyumbani. Mwaka 2016, kwenye michezo ya Olimpiki ya Rio, Beatrice Kamuchanga, msichana wa Kivu ya Kaskazini, alikimbia mita 5,000 kwa jina la Kongo. Makorobondo Salukombo, mtoto wa Kirotshe, alikimbia marato. Wasichana wetu wajue kwamba njia ile ilikwisha kufunguliwa na mwenzao.

Neno lingine ni kwa wale wanaotoka machimboni na feza mkononi. Basketi za dola 100 njiani saa kumi na moja ya alfajiri ni kumwita mwizi kwa jina lake. Tangu Mei 2021, mkoa wetu ulipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, tumejifunza kungoja mwangaza. Mungoje mwangaza, mukimbie wengi pamoja, na alama kubwa ya kung'aa iwe kitu cha mwisho mnachotafuta. Na njia zenu zikipita kando ya kambi ya waliokimbia vita, kuna watoto pale wanaotazama miguu yenu.

Ndugu wa Mongbwalu aliuliza pia namna ya kutunza. Osha kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwa mkono. Usiweke karibu na moto wala juani mchana mzima, sababu gundi inaachia na soli inakuwa ngumu. Toa kamba, jaza karatasi kavu ndani, na uzibadilishe jioni. Hata kurasa za gazeti hili zinafaa, kiisha nyumba nzima kuzisoma.